Majani ya Parseli Yana Majina: Tuyatambue Kabla ya Kuyang'oa au Kuyapika



Mvua zimerudi Bunia. Katika parseli zetu za Mudzi-Pela, Nyakasanza, Saio, Bankoko na mitaa mingine, udongo uliokauka tangu mwezi wa kumi na mbili umelainika, na kila mahali kunaota kitu. Mahindi na maharagi tuliyapanda sisi wenyewe. Lakini katikati ya mistari, kando ya ukuta, nyuma ya jiko na karibu na choo, kuna majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Wengi wetu tunayaita yote kwa jina moja: magugu. Tunayang'oa na kuyatupa. Au, siku ambayo hakuna franka ya kununulia sombe, tunachuma machache na kuyatia katika sufuria.

Siku hiyo isiyo na franka ndiyo inayotufanya tuandike habari hii juma hili. Tangu ndugu zetu wa Djugu na Irumu walipoanza kukimbilia mjini, nyumba nyingi za Bunia zinalisha watu wengi kuliko zamani. Sufuria ni ile ile, lakini sahani zimeongezeka. Mama anayechuma majani kando ya mto Nyamukau, akiwa na mtoto mgongoni, anatafuta chakula cha jioni. Sisi tunaofundisha watoto wake tunaona haifai kumwambia, "Usile majani ya porini," kwa kuwa mengi ni chakula kizuri. Lakini haifai pia kunyamaza, kwa kuwa karibu na yale mazuri huota mengine yanayofanana nayo, na hayo huharibu ini polepole.

Juma hili tunaongea juu ya jamaa moja tu ya majani: jamaa ya alizeti. Magugu mengi yanayotusumbua katika bustani ni ya jamaa hiyo au yanafanana nayo, na ndani yake mna chakula, mna mbolea, mna dawa, na mna sumu.

Ua moja ni mkutano wa maua mengi

Chukueni ua la alizeti, mlitazame kwa karibu. Tunasema "ua moja", lakini pale katikati mna vitu vidogo vingi vilivyobanana, na kila kimoja ni ua kamili linalozaa mbegu yake. Zile ndimi za njano zinazozunguka pembeni ni maua pia, kila ulimi ni ua moja. Alizeti, basi, ni kama chama cha wamama: kwa mbali unaona kitu kimoja, ukikaribia unawakuta watu mia.

Hiyo ndiyo alama ya jamaa nzima. Wataalamu wanaiita Asteraceae, na wamehesabu aina zaidi ya 20,000 duniani. Ukilipasua ua dogo kwa ukucha ukakuta ndani limejaa maua madogo zaidi yaliyosimama pamoja kama vijiti katika kiberiti, na chini yake kuna vijani vya kijani vilivyolishika kama kikombe, ujue uko katika jamaa hii. Mengine yana ndimi pembeni, kama alizeti. Mengine hayana ndimi kabisa, ni kitufe tu, kama kipande cha pamba au brashi ndogo. Mengi, yakikauka, hutoa mbegu zenye manyoya zinazoruka kwa upepo. Mengine hutoa sindano zinazoshika nguo.

Vipimo vinne ambavyo kila mtu anavyo

Katika darasa hatuna vioo vya kukuza kwa kila mtoto. Tunatumia macho, mikono na pua. Wamama wanaweza kufanya vivyo hivyo bila kununua kitu.

Kwanza, tazama jinsi majani yanavyokaa kwenye shina. Je, yanatoka mawili mawili, moja huku na lingine kule, yakielekeana? Au yanatoka moja moja, kwa zamu?

Pili, pitisha vidole kwenye shina na jani. Je, ni laini? Lina vinywele? Shina ni la mviringo, au lina pembe nne kama mbao?

Tatu, ponda jani moja kati ya vidole na unuse. Harufu haisahauliki kwa urahisi, na mara nyingi ndiyo inayokata shauri.

Nne, kata shina utazame kama linatoa maziwa meupe. Hapa mjihadhari: majani mengine yenye maziwa, yasiyo ya jamaa ya alizeti, yana sumu kali na huchoma macho. Maziwa peke yake hayatoshi kukuambia kitu. Ni lazima kuona ua pia. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kumshika mtoto.

Kuonja si kipimo. Watoto wetu wanapenda kuonja. Kuna kile kiua cha njano kama kitufe chenye ncha, kisicho na ndimi, ambacho watoto hutafuna ili ulimi uwake na kufa ganzi. Wakubwa nao hukiweka kwenye jino linalouma. Kinapunguza maumivu kwa muda, lakini jino bovu linabaki bovu. Na mtoto aliyezoea kuonja hicho, kesho ataonja kingine.

Yale ya sufuria

La kwanza ni kishona nguo. Hakuna mama ambaye hajakaa jioni kuondoa zile sindano nyeusi kwenye sare ya mtoto. Jina lake la kitabu ni Bidens pilosa. Waganda wanaliita ssere. Shina lake lina pembe nne. Majani yanaelekeana, na jani moja limegawanyika vipande vitatu, wakati mwingine vitano, vyenye meno kama msumeno. Ua lina katikati ya njano, na mara nyingi ndimi chache nyeupe pembeni. Likikauka, linafungua mbegu kama sindano, kila moja na meno mawili au matatu yenye ndoano. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi, ndiyo maana ukiuacha msimu mmoja unalima msimu mingi.

Ncha zake laini huliwa katika nchi nyingi za Afrika. Zinachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu ya uchungu, kisha zinapikwa kwa mafuta ya mawese na kitunguu, au zinachanganywa na lengalenga. Chuma ncha tu. Majani yaliyozeeka ni magumu.

La pili ni dogo, linapenda bustani zenye mbolea: Galinsoga. Lilitoka milima ya Amerika ya Kusini, na huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, majani yake yaliyokaushwa ndiyo kiungo cha supu yao ya viazi na kuku. Lina majani yanayoelekeana, yenye umbo la yai na meno madogo. Ua lake ni dogo kuliko ukucha wa mtoto: katikati njano, na pembeni ndimi tano nyeupe, fupi, zilizoachana, na kila ulimi una meno matatu kwenye ncha. Hesabuni hizo tano pamoja na watoto. Ni somo zuri la hesabu. Halina harufu kali. Linalainika haraka katika sufuria.

La tatu lina maziwa: Sonchus. Shina lake lina uwazi ndani kama mrija, majani yake hulikumbatia shina, na ua lake lote ni ndimi za njano, kisha linageuka kuwa mpira wa manyoya meupe ambayo watoto hupuliza. Wafugaji wa sungura wanalijua vizuri. Likiwa changa, watu pia hulipika. Lakini tunarudia: usichume jani la maziwa kama hujaona ua hilo la njano au ule mpira wa manyoya.

La nne ni mti mdogo, na wengi tunao kwenye ua wa nyumba: ule mchungu ambao wenzetu wa Kivu huuita mubirizi na Waganda huuita mululuza. Jina lake la kitabu ni Vernonia amygdalina. Maua yake ni vitufe vyeupe vyeupe vilivyokusanyika, bila ndimi. Huko Kamerun majani yake huoshwa na kusuguliwa mara nyingi mpaka uchungu upungue, kisha hupikwa na karanga. Chakula hicho kinaitwa ndolé na watu hukipikia wageni wa heshima. Hata wanyama wanaujua. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna moyo mchungu wa matawi ya mti huo. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Kalunde, mwenyeji wa huko, ndiye aliyemwambia mgeni kwamba jani hilo ni dawa kwa watu pia.

Lile la kuogopa: jani la beberu

Sasa tunafika kwenye sababu ya habari hii.

Mama mmoja jirani yetu alituletea kikapu cha mboga alichochuma kando ya shamba la mihogo. Alituuliza, "Mama mwalimu, haya yote si yale yale?" Tuliyamwaga juu ya mkeka tukayachambua pamoja. Kishona nguo kilikuwemo, Galinsoga ilikuwemo. Na katikati yake mlikuwa na shada la majani mengine: yenye umbo la yai, yanayoelekeana, yenye meno. Kwa macho ya haraka yalikuwa Galinsoga. Tulimwomba ayaponde na anuse. Alirudisha kichwa nyuma na kusema, "Haya yananuka beberu!"

Alisema kweli. Wafaransa wenyewe wanaliita jani la beberu. Jina lake la kitabu ni Ageratum conyzoides. Shina na majani yake yana vinywele vyeupe vinavyoonekana ukielekeza kwenye jua. Meno ya jani ni ya mviringo, si makali. Ua lake ni rahisi kulitambua: vitufe vidogo laini kama brashi, rangi ya zambarau hafifu au samawati, wakati mwingine nyeupe, vimekusanyika juu ya shina, bila ndimi hata moja. Ni ua zuri, watoto hulipenda. Ugumu ni kwamba kabla halijatoa ua, linafanana sana na Galinsoga.

Ndani yake mna sumu inayoshambulia ini. Sumu hiyo haitapishi mtu usiku huo huo, na hapo ndipo hatari ilipo. Inaziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, kidogo kidogo, juma baada ya juma. Mtu anaanza kuumwa na tumbo, anakonda mikono na miguu, kisha tumbo linajaa maji. Kufika hapo, hakuna anayekumbuka jani la miezi mitatu iliyopita. Watu wanatafuta mchawi.

Jambo hilo limetokea kweli, si mbali sana nasi. Katika miaka ya 2000, kijijini katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, watu wa jamaa nyingi walianza kuvimba tumbo na kufa, wakubwa na watoto. Hawakuwa na ugonjwa wa kuambukiza uliojulikana. Wachunguzi walipima maji, walipima vyakula, na mwishoni walikuta mbegu ndogo za jani hili zimechanganyika na nafaka iliyovunwa na kusagwa. Hakuna aliyekuwa amelipika jani lenyewe. Lilikuwa linaota shambani pamoja na nafaka, likavunwa pamoja nayo.

Tunapata hapo mafundisho mawili. La kwanza: kuchambua mboga kabla ya kuziosha. La pili: kuling'oa jani la beberu katika mashamba ya mtama, uwele na mpunga kabla halijakomaza mbegu, na kupepeta nafaka vizuri kabla ya kuipeleka kwenye kinu. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo sana, zenye vijisinga vyeupe kichwani.

Kuna jingine la kuangalia: Crassocephalum. Lina shina nono, majani ya moja moja, na maua marefu kama vichupa vidogo vilivyoinamisha kichwa, vyenye rangi ya matofali kwenye ncha. Likikauka, linatoa pamba nyeupe nyingi. Watu hulila sehemu nyingi, hata huko Nigeria ambako Wayoruba huliita ebolo. Lakini wataalamu wamekuta ndani yake sumu ya jamaa ile ile ya kudhuru ini. Hatusemi kwamba mama aliyelipika mara moja amelisha sumu. Tunasema: kama una kishona nguo, una lengalenga, una majani ya maboga, mwache huyu. Na zaidi mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mtoto mdogo, kwa sababu ini la mtoto halina nguvu ya kujitetea, na sumu hizi zinaweza kupita katika maziwa.

Sheria yetu ni fupi, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaishika: hakuna ua, hakuna sufuria. Kama mmea haujaonyesha ua na huna uhakika, uache uendelee kukua. Utaonyesha uso wake baada ya siku chache.

Mgeni aliye kwa jirani: gugu karoti

Kila nchi ina gugu lake la jamaa hii lililotoka ng'ambo. Huko Marekani, maua ya Ulaya yanayoitwa Centaurea yalifika yamechanganyika na mbegu za malisho, yakafunika nyanda nzima. Moja lao, lenye ua la njano na miiba mirefu, huharibu ubongo wa farasi anayelila kwa muda mrefu. Kwetu Afrika ya Mashariki, mgeni wa kuogopwa anaitwa Parthenium. Watanzania wamempa jina zuri: gugu karoti, kwa kuwa majani yake machanga yamekatikakatika kama ya karoti.

Lilitoka Amerika. Limeenea Ethiopia na Kenya kwa miaka mingi. Uganda waliliandika mwaka 2008, na Tanzania, upande wa Arusha, mwaka 2010. Maua yake ni meupe, madogo sana, kama punje za sukari kubwa zenye pembe tano, juu ya matawi mengi membamba. Mmea mmoja hutoa mbegu 15,000 na zaidi. Kulishika mara kwa mara kunaleta upele na kuwasha ngozi; vumbi la maua yake linaamsha pumu; ng'ombe na mbuzi wakililisha, maziwa yanakuwa machungu; na shambani linapunguza mavuno.

Mbegu zake zinasafiri kwa matope ya magari, kwa majani ya mifugo, na katika mifuko ya mbegu. Sisi tunapokea magari kutoka Mahagi na mizigo ya ziwani kutoka Kasenyi na Tchomia kila siku. Wamama wanaouza kandokando ya barabara ndio watakaoliona kwanza, kabla ya mhandisi yeyote wa kilimo. Mkiliona, msilishike kwa mikono mitupu. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi, ling'oeni na mizizi kabla halijachanua, mlikaushe na kulichoma mbali na watoto, kisha mjulishe huduma ya kilimo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mbolea ya bure kwenye ua

Tusiongee mabaya tu. Ile alizeti pori, Tithonia, yenye maua makubwa ya njano na majani yenye vidole vitatu au vitano, inaota kando ya barabara na watu wengi wanaipanda kuwa ua wa parseli. Ilitoka Meksiko. Tunaikata na kuitupa barabarani, kumbe tunatupa mbolea.

Watafiti wa kilimo wa magharibi mwa Kenya waliipima katika miaka ya 1990. Majani yake yaliyokaushwa yana nitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi kama asilimia 0.37 na potasiamu kama asilimia 4. Hivyo ndivyo vitu vitatu vinavyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ya dukani. Majani haya huoza haraka, kwa hiyo maharagi na mboga huvipata mapema.

Namna ya kufanya ni hii. Kata majani na vijiti laini tu. Vijiti vigumu acha viwe kuni. Katakata kwa panga. Kwa kitanda cha mita moja kwa mita moja, tia kilo 2 au 3 za majani mabichi, changanya na udongo kwa jembe, subiri kama juma moja, kisha panda. Kwa mboga zilizokwisha kuota, jaza ndoo majani, tia maji, funika siku kumi hadi kumi na nne ukikoroga mara kwa mara. Ile maji nyeusi punguza kwa maji safi mara mbili kabla ya kumwagia kwenye mizizi. Inanuka, lakini haiuzwi.

Dawa ya parseli ina mpaka

Tithonia hiyo hiyo ni chungu, na wengine huichemsha kwa ajili ya malaria. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba ikizidi inadhuru figo na ini. Iacheni iwe mbolea.

Na ndugu yake mwingine katika jamaa hii, artemisia, anapendwa sana katika parseli zetu. Ni kweli kwamba dawa kubwa ya malaria ilitoka katika artemisia. Mama mmoja Mchina, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini chai ya majani si sawa na vidonge. Hakuna anayejua kikombe kimoja kina dawa kiasi gani, na dawa kidogo inaacha vimelea vilivyo hai vijifunze kuishinda. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia mmea huo, kwa chai au kwa unga, kukinga au kutibu malaria. Isitoshe, majani ya gugu karoti yanaweza kumdanganya mtu anayetafuta artemisia. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe ndani ya saa 24. Malaria inaua watoto wengi katika nchi yetu. Haingoji chai ipoe.

Kazi ya juma hili

Tunawaomba kila kikundi kifanye mambo manne.

Moja: tembeeni parseli yenu pamoja na watoto, mchume tawi moja la kila mmea wenye ua la jamaa hii. Lichumeni na ua lake na jani lake. Kama kuna mbegu, zije nazo.

Mbili: laza kila tawi kati ya kurasa za gazeti la zamani, weka jiwe juu, badilisha karatasi kila baada ya siku mbili. Baada ya juma moja au mawili linakauka bila kupoteza umbo. Libandikeni katika kaye na mwandike: liliota wapi, mwezi gani, linanuka nini, na linaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira, Kilugbara, Kinande: bibi zetu walikuwa na majina ya majani haya kabla ya vitabu. Mtoto amuulize bibi yake wakati bibi yupo.

Tatu: msichume mboga karibu na choo, jalala, barabara kubwa, wala katika shamba lililopuliziwa dawa. Jani zuri katika mahali pabaya si zuri tena.

Nne: siku ya posho, katika mkutano, leteni matawi yenu. Tutatandika mikeka mitatu: mmoja wa sufuria, mmoja wa mbolea, mmoja wa kuogopa. Kila mama ataweka tawi lake pale anapodhani ni pake, na wengine watamuunga mkono au watamuuliza kwa nini. Wale waliotoka vijijini wasikae nyuma, kwa maana katika mambo haya mara nyingi wao ndio walimu.

Mama akilijua jani la beberu, atamfundisha mtoto wake, na mtoto atamfundisha mwenzake wa dawati. Anzeni na harufu, kwa kuwa hiyo ndiyo wanayoikumbuka.